Mwaka Tuliomzika Kazeni kwa Mgomba

Mtu niliyetangaza maziko yake kwa kinywa changu mwenyewe alinijia Same, kwenye msiba wa mwalimu Elibariki, mchana kweupe, watu wakiwa wanapanga foleni ya chakula. Nilikuwa nimetoka kutoa salamu za rambirambi kwa niaba ya sisi tuliofanya kazi na marehemu enzi za ujana. Maneno machache tu, maana kipaza sauti cha kukodi kilikuwa kinapiga miluzi, na mimi na vifaa vibovu hatupatani. Niliporudi kwenye kiti changu chini ya turubai, mzee mmoja mwembamba, koti limempwaya, vumbi jeupe la jasi limemganda kwenye mikunjo ya shingo, akavuta kiti akakaa karibu nami. "Dada," akasema, "sauti hiyo naijua. Wewe ni Nangasu wa simu ya upepo." Nikamjibu ndiye mimi, shikamoo kaka, na wewe ni nani mwenzangu? Akaitikia marahaba kwanza, taratibu, kama tulivyofundishwa sote kule milimani. Kisha akasema, "Mimi ni Kazeni. Ndiye mliyenizika."

Jamani! Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, nimefumba macho ya watu wengi, na maiti hainitishi. Lakini aliye hai nikiwa najua kaburi lake lilipo, na nilirusha udongo kwa mkono huu, huyo alinitisha. Nilimwangalia miguu kwanza, Mungu anisamehe, kuona kama imegusa chini. Iligusa. Alikuwa amevaa makatambuga.

Mwaka ninaousema simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri nafasi ya chuo cha uuguzi, na zahanati ya kijiji kimoja juu kabisa ya milima ya Mamba ikanichukua niwe naandikisha wagonjwa. Nikapangishwa chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Kazeni, nyumba ya mwisho kwenye mgongo wa mlima. Chumba chenyewe kilikuwa nusu ghala: kitanda changu upande huu, magunia ya tangawizi upande ule, na harufu yake iliingia mpaka kwenye nywele, nikienda kanisani wenzangu wananicheka kwamba chai imefika. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao zisizokutana vizuri. Kila kilichosemwa jikoni nilikisikia nikiwa nimelala chali, nitake nisitake, na sitasema uongo, mara nyingi nilitaka.

Hivyo ndivyo nilivyojua habari za Kazeni kabla ya kuambiwa. Alikuwa mwana wa pekee. Alikuwa ameingia kwenye mpungi, msitu wa ukoo ambao hata kuni haziruhusiwi kuokotwa, akakata mti wa mkulo wa miaka na miaka na kuuza mbao zake. Ukoo ukakaa kikao, ukamtaka alete dume la ng'ombe la kuutakasa msitu, apige magoti mbele ya watu wote. Sisi Wapare tunachekwa kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi hii haikuwa ya kuku. Kazeni hakupiga magoti. Aliondoka alfajiri na nguo alizovaa, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Baba yake mdogo, mzee Yohane, ndiye aliyeshika kesi, na ndiye aliyekuwa akija jikoni kuongea kwa sauti ya chini. "Shemeji, mtu akipotea muda huu wote ni marehemu. Tumzike kwa mgomba, roho yake itulie, na sisi tutulie." Kwetu ndivyo ilivyo: aliyepotea asipatikane, hukatwa shina la mgomba likavikwa nguo yake na kuzikwa mahali pake. Mama Kazeni alikuwa anamjibu jibu moja tu, huku anakoroga chungu. "Mgomba nitakula ndizi zake. Mwanangu simziki mpaka aniambie mwenyewe kwamba amekufa."

Mwalimu Eli, ndiye Elibariki wa msiba huu, aliingia katika nyumba ile kwa sababu ya mlima. Alikuwa anafundisha fizikia sekondari kule Same, kijana mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, na alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa. Yaani serikali ilimruhusu kuongea na dunia nzima kwa kujifurahisha tu. Nilipomuuliza kama mtu mzima hupewa leseni ya kupiga soga, alicheka sana. Kampuni iliyojenga barabara ilikuwa imemaliza kazi ikaacha lundo la redio za malori kwenye yadi yake, zikauzwa kwa mnada. Nzima zilichukuliwa na wenye malori ya jasi wa Makanya. Mbovu zikabaki kwa Eli. Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kununua vipuri vya kubadilisha masafa, aliomba kibali cha kutumia masafa yaleyale ya kampuni, akapewa kwa ajili ya zahanati. Alitaka kujenga ripita: mashine inayokaa juu ya mlima, ikisikia sauti dhaifu kutoka bonde hili inairusha kwa nguvu bonde lile, mgonjwa wa Mamba asife kwa sababu dereva wa Same hajui kuwa anaitwa. Mahali palipofaa pakawa pamoja tu, shamba la Mama Kazeni nyuma ya nyumba. Siku isiyo na ukungu, ukigeuka huku unaona mashamba ya mpunga ya Ndungu, ukigeuka kule unaona tambarare ya Makanya na vumbi la malori.

Alikuja na kilo ya sukari kuomba ardhi. Mama Kazeni alimkaribisha makande, akamwacha ale kwanza, maana kwake shida haikusikilizwa na tumbo tupu. Kisha akamuuliza, "Hilo dude lako, sauti yake inafika wapi?" Eli akamtajia: Same, Ndungu, Makanya, labda na mbele zaidi. "Basi weka. Sitaki kodi. Nataka kila jioni nimwite mwanangu." Eli akaanza kueleza sheria za hewani, kwamba redio si ya salamu, kwamba kibali ni cha zahanati. Mama akaendelea kumtazama tu. Nikamkanyaga Eli mguu chini ya meza. Akasema, "Sawa mama."

Siku ya kupandisha mitambo pembe ililia asubuhi, msaragambo, kila nyumba itoe mtu. Ripita yote ilikaa ndani ya friji bovu la mafuta ya taa lililokuwa la chanjo, kwa sababu Eli alisema hakuna sanduku linalozuia ukungu kama friji. Wanaume walilibeba kwa miti mabegani, wanawake wakiwatania njia nzima: "Mnapeleka friji kwenye baridi, na kesho mtapeleka maji mtoni!" Ndani yake zilikaa redio mbili, moja ya kusikia na moja ya kusema, na kati yao vichujio ambavyo Eli aliviunda kwa mabomba ya shaba ili ile inayosema isiizibe masikio ile inayosikia. Betri zilikuwa za lori lililokufa. Mlingoti ulikuwa bomba la maji, na antena yake vipande vya antena za televisheni. Iliposema kwa mara ya kwanza, na dereva wa hospitali akajibu kutoka Same kama aliye mlangoni, mzee Yohane mwenyewe alivua kofia.

Jioni, nikishamaliza ripoti ya wagonjwa, Mama Kazeni alifuta mikono kwenye kanga, akakishika kipaza sauti cha redio ya zahanati, iliyowekwa jikoni kwetu, kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshika kikombe cha uji wa moto. Nilimbonyezea kitufe mimi. "Kazeni. Mama yako hapa. Nimeshapika. Najua watu wote wanasikia, na wewe unajua. Kama unaogopa kusema, usiseme. Kohoa tu, nitakujua." Nikaachia. Mashine ikakaa kimya kidogo, halafu ikafunguka yenyewe. Hapakuwa na neno. Palikuwa na ule uvumi mwembamba, mfano wa mtu aliyefungua mlango akasimama asiingie, kisha ikajifunga. Nywele zilinisimama. Mama Kazeni aliweka kipaza sauti chini taratibu, akajipakulia makande, akala. Nilikuwa sijamwona akila akashiba tangu nihamie pale.

"Ni kelele," Eli aliniambia Jumamosi alipopanda kukagua. "Vichujio vyangu havijakaa sawa. Mashine inajisikia yenyewe, inadhani imeitwa." Na kweli, ilikuwa ikifunguka hata asubuhi, hata wakati hakuna aliyeita, hasa ukungu ukishuka. Nilisikia kwa masikio yangu. Lakini jioni, baada ya jina lile, ilifunguka karibu kila siku, na siku isipofunguka mama alifunika chungu akaenda kulala na njaa. Jirani wakaanza kuja kusikiliza. Wengine walisema Kazeni anaitika kutoka kuzimu. Mzee Yohane alikuja, akasikia, akatoka nje bila kuaga, na tangu jioni ile hakutaja mgomba tena. Mimi nilikuwa nikilala nimejifunika kichwa, nasikia harufu ya tangawizi na mvumo ule masikioni, nikijiambia ni shaba, ni mabomba ya shaba tu.

Masika yakaja. Jua likapotea siku nyingi mfululizo, na mashine ile, kwa kufunguka ovyo, ikanyonya betri mpaka zikaisha. Ndipo mkwe wa jirani yetu akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Nikabonyeza, nikaita Same, nikaita, nikaita. Hewani kimya, si hata ule uvumi. Wanaume wakamteremsha kwa machela kwenye matope, mvua inapiga. Mzazi alipona. Mtoto hakupona. Aliyemwosha yule mtoto na kumfunga kitambaa ni Mama Kazeni, kwa mikono yake.

Eli alipopanda alikuwa amekonda uso. Alileta vibao vidogo vya nyaya, akatuketisha jikoni kutueleza. Kila redio ya zahanati na ya hospitali itawekewa kibao kimoja, nayo itakuwa ikitoa mlio wa chini ambao sikio la mtu halisikii. Ripita itafunguka kwa mlio huo tu. "Ni kama mbwa wa mlangoni, mama. Anajua harufu ya watu wa nyumbani. Kelele haitafungua tena, betri hazitakwisha."

"Na mgeni?" Mama Kazeni akauliza.

"Mgeni atabaki nje."

"Na mwenye nyumba aliyeondoka siku nyingi, mbwa akiwa bado hajaletwa?"

Eli alitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. Akasema, "Mama, ile si sauti ya Kazeni. Nakuapia. Ni kosa langu mimi kwenye mabomba." Alisema kwa upole, na alikuwa anaamini kila neno, na mimi nilimwamini. Moto ukatoa moshi, mama akaupuliza, macho yakamtoka machozi, nami mpaka leo sijui kama yalikuwa ya moshi. Ardhi ilikuwa yake. Angesema hapana, tungeng'oa kila kitu. Akasema, "Yule mtoto alikuwa na nywele nyingi. Wekeni."

Jioni ya kwanza aliita kama kawaida. Nimeshapika, kohoa tu. Nikaachia kitufe. Mashine ilitii, ikafunga mlango wake, tak, na hewa ikawa safi kabisa, safi ya kutisha. Akangoja. Akafunika chungu. Kesho yake akaita tena, na keshokutwa, na wiki zilizofuata, na jirani wakaacha kuja kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Alipungua mbele ya macho yangu. Nilimbembeleza ale, nikamwambia, mama, mwalimu alikueleza, ile ilikuwa kelele tu. Akaniambia, "Mwanangu Nangasu, na mimi nilijua kuna kelele. Mle ndani ya kelele kulikuwa na yeye. Sasa hayumo." Siku moja asubuhi alijifunga kanga nyeusi, akaenda mwenyewe mpaka kwa mzee Yohane, akasema, "Shemeji, leteni mgomba."

Tulimzika kwa heshima zote. Shina likavikwa shati lake la bluu lililobaki, likalazwa kwenye shuka, mchungaji akakubali kuja kuombea wafiwa ingawa hakutaka kusimama karibu na shimo. Mama Kazeni ndiye aliyeniomba nitangaze kwenye simu ya upepo, watu wa Ndungu na Makanya nao wasikie. Nikabonyeza, nikasema kwa sauti yangu nzuri ya kusomea kanisani: familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao Kazeni, maziko ni leo. Nikaachia. Tak. Hakuna aliyejibu, wala hatukutarajia jibu. Mwisho wa mwaka nafasi ya chuo ikatoka, nikateremka na sanduku langu linalonuka tangawizi. Mama hakuishi sana baada ya hapo. Amelazwa pembeni ya kaburi la mgomba.

Haya yote yalinipitia kichwani pale chini ya turubai, sahani ya wali imepoa mapajani. Kazeni alikuwa akila polepole, kama mtu asiye na haraka tena na jambo lolote. Aliniambia hakwenda mbali. Aliteremka upande wa pili wa mlima, akawa utingo kwenye lori la jasi Makanya. Jioni dereva alipokwenda kula, yeye alibaki kulinda lori, na ndani ya lori mlikuwa na redio ya ule mnada. "Nilisikia jina langu nikiwa nafunga turubai. Nilidhani nimerukwa na akili. Kusema nisingeweza, baba mdogo angejua nilipo. Hata kukohoa, kikohozi changu ukoo mzima wanakijua. Nikawa nabonyeza tu. Nabonyeza, nashikilia, naachia. Nilijua mama ataelewa."

"Alielewa," nikamwambia. "Siku ulizobonyeza alikula."

Akaacha kutafuna. Kisha akaniambia kwamba ilifika siku mashine ikaacha kumfungulia. Aliendelea kumsikia mama, wazi kabisa, kila jioni, lakini akibonyeza hakuna kitu, akadhani tumemchoka, akadhani ukoo umemfungia. Hakuwa na kile kibao. Angekuwa nacho vipi? Miaka mingi baadaye Eli alifika Makanya kununua redio zile kwa ajili ya vyuma chakavu, wakakutana, na Kazeni akamuuliza kwa nini. "Mwalimu alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi," alisema. "Tangu hapo kila Krismasi alikuwa anakuja kunisalimu, anakaa, na hata maji hakunywa kwangu." Mimi Eli hakunieleza lolote. Tulikuwa tukikutana kwenye harusi na misiba, ananiulizia watoto, na redio nilijua ameziacha, nikidhani ni simu za mkononi zimeziua.

Nikamuuliza Kazeni kwa nini basi hakupanda. Makanya pale, mlima ule, anauona kila asubuhi akinawa uso! Nilikasirika, nasema kweli, nilimkaripia kama mtoto katikati ya msiba wa watu. Akanijibu kwamba katika ukoo wao, aliyezikwa kwa mgomba akikanyaga uani humchukua aliyemzika. "Aliyenizika ni mama. Ningepanda, ningemuua. Na aliyezikwa hatumi salamu." Kisha akasogeza kiti. "Lakini dada, kuna jambo nataka kukuuliza, mwalimu hakuweza kunijibu. Siku ile uliponitangaza. Sikubonyeza tu. Nilisema. Nilipiga kelele mpaka watu wa mizani ya malori wakageuka. Nilisema, mama, ni mimi Kazeni, niko hapa Makanya, sijafa, msinizike. Nilirudia mpaka koo likakauka. Nilitaja mpaka jina la baba mdogo. Mlisikia hata kidogo?"

Nilikuwa nimekaa karibu na redio ile. Nakumbuka kila kitu cha siku ile: mchanga kwenye kucha zangu, mama kando yangu ameinamisha sikio, na usafi ule wa hewa baada ya tak.

"Hatukusikia, kaka," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelijua jibu siku nyingi ila alihitaji kulipata kwa mwingine.

Tulipanda naye siku iliyofuata baada ya maziko ya Eli, kila mtu na bodaboda yake, vijana wakishindana kwenye kona mpaka nikawatukana. Mzee Yohane alishakufa. Waliobaki hawamjui Kazeni. Nyumba ina watu wengine, watu wema, walituwekea chai ya tangawizi. Friji bado liko nyuma ya nyumba, mlango umeng'oka, kuku wanataga ndani yake. Kazeni hakupita uani. Alizunguka shambani, kati ya mistari ya tangawizi, mpaka yalipo makaburi mawili, lake na la mama yake, akavua kofia. Nikamwambia, mwite, hapa hakuna wa kukukamata. Akafungua mdomo, akaufunga. Alisimama hivyo mpaka ukungu ukaanza kupanda kutoka Ndungu. Kisha akajikaza, akaweka ngumi mdomoni, akakohoa.

Kuku mmoja akatoka mbio frijini. Kazeni akabaki ameinamisha sikio, akingoja.